Je, Wajua? Mlima Elgon Uliwahi Kuvaa Barafu

Wanaovuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Lwakhakha, kaunti ya Bungoma, huwa na mengi kichwani: ushuru, bei ya mahindi, nauli ya bodaboda. Ni wachache wanaoutazama mlima. Safu ya leo inautazama kwa niaba yao. Haya hapa mambo 40 kuhusu Elgon, barafu iliyowahi kuukalia, na barafu ya milima jirani inayokwisha tukiiona kwa macho yetu. Soma, kisha mtegee jirani yako.

MLIMA WENYEWE

1. Je, wajua kwamba Elgon ni volkeno? Ulizimika kitambo, lakini ulianza kurusha majivu na kumwaga zaha zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kwa umri, Mlima Kenya na Kilimanjaro ni wadogo zake.

2. Kilele chake kirefu zaidi ni Wagagai, mita 4,321, nacho kiko Uganda. Wakweaji wengi wanaopitia Kitale na Endebess huelekea Koitobos, mita 4,222, upande wa Kenya.

3. Ukiuzunguka Elgon kwa gari utachoka kabla hujaumaliza. Tako lake lina upana wa takriban kilomita 80. Zaha yake nyepesi ilitambaa mbali kama uji uliomwagika sakafuni, ndiyo maana mlima huu umetandaa badala ya kuchongoka. Mtu anaweza kulima kwenye mteremko wake maisha yake yote bila kuhisi kwamba yuko mlimani.

4. Kileleni hakuna ncha moja. Kuna shimo kubwa, kaldera, lenye upana wa karibu kilomita 8. Zaha ilipokwisha chini kwa chini, paa la mlima lilikosa pa kuegemea likaporomoka. Wagagai, Koitobos na vilele vingine ni mabaki ya ukingo wa shimo hilo.

5. Mpaka wa Kenya na Uganda unapita katikati ya kaldera hiyo. Chini kusini, Mto Lwakhakha ndio unaoshika zamu ya kuwa mpaka.

6. Volkeno imelala lakini tumbo lake bado lina joto. Mto Suam unapotoka katika kaldera kuna chemchemi za maji moto yanayofikia takriban nyuzijoto 48.

7. Mskoti Joseph Thomson alifika chini ya Elgon mwaka 1883 na kushangazwa na mapango yake. Frederick Jackson na Ernest Gedge waliuvuka mlima mwaka 1890. Wagagai ulikwewa na Rudolf Kmunke na Robert Stigler mwaka 1911. Hao ni Wazungu walioandika. Wawindaji na wafugaji wa mlimani walikuwa wakipita huko bila kumwandikia mtu.

8. Je, wajua kwamba ndovu wa Elgon ni wachimba migodi? Huingia usiku katika pango la Kitum, wakipapasa njia kwa mkonga gizani, hadi ndani kabisa. Hapo huchoma ukuta kwa pembe, jiwe linamomonyoka, nao wanalisaga kwa magego ili kupata chumvi iliyomo. Ukienda na tochi utaona mikwaruzo ya pembe ukutani, mingi kwa usawa wa kichwa cha mtu na zaidi.

BARAFU YA KALE

9. Theluji na mto wa barafu ni vitu viwili tofauti. Theluji huanguka na kuyeyuka. Isipoyeyuka, ikarundikana mwaka baada ya mwaka, uzito wa juu huikandamiza ya chini hadi ikawa barafu ngumu. Barafu hiyo ikinenepa vya kutosha huanza kuteremka mlima polepole kwa uzito wake yenyewe. Hapo ndipo inapoitwa mto wa barafu.

10. Je, wajua kwamba Elgon uliwahi kuwa na mito ya aina hiyo? Takriban miaka 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa katika kilele cha enzi ya barafu, sehemu za juu za mlima huu zilifunikwa, na ndimi za barafu zikashuka mabondeni.

11. Kwa nini wakati ule na si leo? Piga hesabu. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na Wagagai uko mita 2,400 juu ya Kitale. Ikiwa adhuhuri ya Kitale ni nyuzijoto 25, ya Wagagai ni 10 au 11. Umande huganda usiku na kuyeyuka asubuhi. Siku hizi, barafu ya kudumu karibu na ikweta hutaka mlima unaokaribia mita 5,000. Elgon umepungukiwa na mita 700 hivi. Katika enzi ya barafu, miinuko ya Afrika Mashariki ilipoa zaidi kwa nyuzijoto 5 au kupita, na mstari wa barafu ukashuka kwa karibu mita 1,000. Elgon ukawa umeuvuka.

12. Wanajiolojia walijuaje, na barafu yenyewe haipo? Kwa umbo la mabonde. Mto wa maji hukata bonde lililobana chini. Mto wa barafu hukwangua chini na kando kwa pamoja, ukaacha bonde pana lenye sakafu bapa na kuta zilizosimama. Mabonde ya namna hiyo yako juu ya Elgon.

13. Ushahidi wa pili ni matuta ya mawe. Mto wa maji hupanga mzigo wake: mawe makubwa huachwa kwanza, changarawe hufuata, mchanga na tope huenda mbali. Barafu haipangi chochote. Hubeba jabali ambalo wanaume kumi hawalisukumi, pamoja na vumbi laini la mawe yaliyosagwa, na inapoyeyuka hubwaga vyote mahali pamoja. Ukikuta tuta ambalo majabali, kokoto na tope vimechanganyika ovyo, tena limejikunja kukingama bonde, hilo ni moreni. Hapo ndipo ulimi wa barafu ulipokomea.

14. Ushahidi wa tatu ni vijiziwa. Barafu ilichimba mabeseni kwenye miamba, ilipoondoka yakajaa maji. Kimojawapo kiko chini ya kilele kinachobeba jina la yule Jackson wa 1890.

15. Je, wajua kwamba jina Kimilili linajulikana katika maabara za Ulaya na Marekani? Si mji wa Kimilili bali Ziwa Kimilili, kijiziwa kilichoko zaidi ya mita 4,000 juu ya Elgon. Tope la chini yake limehifadhi chavua na mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka. Mwaka 1997 jarida la Science lilichapisha utafiti wa tope hilo na la Ziwa Takatifu la Mlima Kenya. Ulionyesha kwamba katika enzi ya barafu nyasi zilishamiri milimani na miti ikarudi nyuma, si kwa sababu ya baridi na ukame pekee, bali pia kwa sababu hewa ilikuwa na kaboni dioksidi kidogo.

16. Elgon haukuwa peke yake. Hata safu ya Aberdare, ambayo leo haina hata kipande cha barafu, ina alama za mito ya barafu ya kale.

17. Wabukusu, Wasabaoti na Wagisu walipofika kwenye miteremko hii, barafu ilikuwa imekwisha kitambo. Enzi ya barafu ilimalizika takriban miaka 11,700 iliyopita.

18. "Lakini mimi nimeuona mlima umekuwa mweupe!" Huenda umeona kweli. Mara nyingi ni mvua ya mawe, au umande ulioganda, na mara mojamoja ni theluji ya kupita. Jua likipanda, weupe unaondoka. Septemba 2008, karibu na Nyahururu, ardhi ilifunikwa na weupe mnene hata watu wakaamini theluji imeanguka. Ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana.

19. Mimea ya juu ya Elgon inaishi na baridi hiyo kila usiku. Senesio mkubwa, mmea wa shina nene unaompita mtu kwa urefu, haupukutishi majani yake makavu. Huyaacha yaning'inie kuzunguka shina ili maji yaliyo ndani yasigande. Lobelia mkubwa hufunga majani yake jioni kukilinda kichipukizi, na jua likichomoza huyafungua.

MILIMA JIRANI

20. Leo barafu ya Afrika nzima imebaki mahali patatu tu: Kilimanjaro nchini Tanzania, Mlima Kenya, na Rwenzori mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilimanjaro imebakiwa na chini ya kilomita moja ya mraba, Rwenzori chini ya nusu ya kilomita ya mraba, na Mlima Kenya haufikishi hata sehemu moja ya kumi.

21. Kati ya hiyo mitatu, Rwenzori si volkeno. Ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa nguvu za ardhi zilipolitanua Bonde la Ufa.

22. Johannes Rebmann, mmishonari wa Kijerumani, aliiona Kilimanjaro nyeupe tarehe 11 Mei 1848. Mwenzake Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Ukambani mwaka uliofuata. Wataalamu wa London, wakiongozwa na William Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga huku, waliwacheka: barafu chini ya jua la ikweta? Wachaga walikuwa wakiijua baridi ya kilele chao kabla ya Cooley kuzaliwa.

23. Mwaka 1899 Halford Mackinder alifika Batian, kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Mlima ulikuwa na mito 18 ya barafu. Miwili kati yake, Cesar na Joseph, ilipewa majina ya waongozaji aliokwea nao, César Ollier na Joseph Brocherel.

24. Batian na kilele jirani yake, Nelion, si ukingo wa shimo la volkeno. Ni zaha iliyoganda kooni mwa mlima. Ukuta wa nje umeliwa na mvua na barafu, koo likabaki limesimama peke yake.

25. Mto wa barafu wa Lewis, Mlima Kenya, umepimwa mara nyingi kuliko mwingine wowote wa ukanda wa tropiki. Vipimo vinasema hivi: kati ya 1934 na 2010 ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, haupo tena.

26. Januari 1943, mateka watatu wa vita kutoka Italia walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki, si kurudi kwao, bali kuukwea Mlima Kenya. Felice Benuzzi na mwenzake mmoja walifika kilele cha Lenana wakiwa na vifaa vya kujitengenezea na chakula haba. Kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe, wakafungiwa.

27. Usiku wa uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge kileleni Kilimanjaro. Miaka miwili baadaye, 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya kilele cha Lenana.

28. Toa sarafu yoyote ya Kenya yenye nembo ya taifa: simba wawili wamesimama juu ya Mlima Kenya. Nembo ya Tanzania imesimama juu ya Kilimanjaro.

29. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alikuta mzoga wa chui uliokauka kwa baridi karibu na ukingo wa shimo la Kilimanjaro. Alichofuata chui huyo huko juu bado ni mjadala.

30. Mwaka 1912 Kilimanjaro ilikuwa na takriban kilomita 12 za mraba za barafu. Kufikia 2007 asilimia 85 yake ilikuwa imekwenda.

31. Barafu ya kilele cha Kilimanjaro si lazima iyeyuke ndipo iishe. Katika hewa kavu na jua kali, sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hatua ya maji. Ndiyo maana kuta zake zimesimama wima, na chini yake mara nyingi ni vumbi kavu. Ukame wa tangu mwishoni mwa karne ya 19, yaani theluji kupungua kuanguka, una hatia kubwa hapo pamoja na joto.

32. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro na kutoa nguzo sita. Walikadiria kwamba iliyo chini kabisa ina miaka 11,700, na wakakuta tabaka la vumbi wanalolihusisha na ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita.

33. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu ya Afrika huenda ikaisha katika miaka ya 2040, na ya Mlima Kenya ikatangulia kwa mwongo mmoja.

MOTO NA BARAFU VIKIKUTANA

34. Volkeno hai yenye barafu ni hatari maradufu. Tarehe 13 Novemba 1985, mlipuko wa Nevado del Ruiz nchini Kolombia uliyeyusha sehemu ya barafu ya kilele. Maji yakazoa majivu na mawe, tope likateremka usiku na kuufunika mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walikufa, na mji wenyewe ulikuwa makumi ya kilomita kutoka mlimani.

35. Aprili 2010, volkeno ya Eyjafjallajökull ya Aisilandi ililipuka chini ya barafu. Maji na zaha vilipokutana, majivu yalisagika laini na kupanda angani, ndege za Ulaya zikazuiwa kuruka. Naivasha, maelfu ya kilomita kutoka huko, maua yaliyokwisha kufungwa yakaozea ghalani kwa kukosa ndege.

36. Elgon una mwenzake hukohuko Aisilandi. Mlima Ok, volkeno iliyotandaa na iliyokwisha kuzimika, ulivuliwa hadhi ya kuwa na mto wa barafu mwaka 2014. Agosti 2019 watu waliukwea na kubandika kibao cha kumbukumbu. Elgon ulipoteza wake bila kibao, kwa sababu dunia ilijipasha joto yenyewe polepole kwa maelfu ya miaka. Ule wa Ok uliisha ndani ya umri wa mtu mmoja, na mkono wa binadamu umo.

MAJI YANATOKA WAPI?

37. Je, wajua kwamba Elgon peke yake unanywesha maziwa matatu? Vijito vinavyoingia Mto Nzoia huishia Ziwa Viktoria. Lwakhakha hugeuka Malaba, ukaelekea Ziwa Kyoga nchini Uganda. Suam hugeuka Turkwel, ukamalizia safari Ziwa Turkana. Njiani, maji ya Suam husukuma mitambo ya bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153, lililokamilika mwaka 1991. Kwa hivyo taa ya nyumbani kwako huenda inawaka kwa maji ya Elgon.

38. Hapa ndipo pa kuzingatia. Wengi hudhani barafu ikiisha mito itakauka. Elgon hauna barafu kwa maelfu ya miaka, na Lwakhakha bado unatiririka. Hata Kilimanjaro, watafiti wamegundua kwamba maji ya mito yake karibu yote hutoka kwenye ukanda wa msitu, si kwenye barafu. Majani huteka mvua na ukungu, mizizi hufungua udongo, maji yanazama chini na kuibuka polepole miezi ya kiangazi. Barafu ya mlima wa ikweta ni kipimajoto. Inatuonyesha ugonjwa wa tabianchi ulikofika. Chombo cha maji ni msitu. Ndiyo maana Elgon unahesabiwa miongoni mwa chemchemi kuu tano za maji nchini Kenya, pamoja na Mau, Aberdare, Cherangany na Mlima Kenya, ingawa hauna hata donge la barafu.

39. Mianzi ya Elgon, inayoota katika ukanda wa mita 2,500 hadi 3,000 hivi, huzuia udongo na pia huingia sufuriani. Upande wa Uganda, Wagisu huchuma machipukizi yake, huyakausha kwa moshi, kisha huyapika kwa karanga zilizosagwa. Chakula hicho huitwa malewa. Hata hivyo, machipukizi yakichumwa bila kiasi, mianzi haipati warithi.

40. Msitu ukiondoka, maji hayaondoki, hubadili tabia. Mvua iliyokuwa ikizama huteremka yote kwa siku moja, na udongo mzito wa volkeno, ukishalowa na kukosa mizizi, hufuata nyuma. Tarehe 1 Machi 2010, mteremko wa Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, Uganda, si mbali na Lwakhakha. Watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 300 walifariki au hawakuonekana tena. Oktoba 2018 Bududa ilizika wengine, na Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli.

NYONGEZA KWA MSOMAJI WA MLIMANI

Kenya imejiwekea shabaha ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ili watu wapande miti. Umoja wa Mataifa nao umeitenga tarehe 21 Machi, kuanzia 2025, kuwa siku ya mito ya barafu duniani. Tarehe hiyohiyo ilikuwa tayari siku ya misitu. Sherehe hizo ni njema, lakini mche uliopandwa mbele ya kamera na kuachwa uliwe na mbuzi wiki inayofuata hauzuii maporomoko.

Mkulima wa Lwakhakha, Cheptais au Endebess hawezi kuirudisha barafu ya Lewis. Viwanda vinavyoipasha dunia joto haviko kwake. Kingo za mto unaopita shambani mwake ziko mikononi mwake. Kanuni za maji za Kenya zinataka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto uachwe bila kulimwa, kulingana na upana wa mto. Usipeleke jembe hadi majini kwa ajili ya mistari miwili ya mahindi. Usipande mkaratusi ukingoni, maana hunywa maji mengi kuliko unavyodhani. Uza nguzo zake, lakini upande kwenye kilima kikavu. Ukingoni weka mianzi, mikuyu na miti ya asili ambayo wazee wa hapo wataitaja kwa majina. Na jirani wa ng'ambo ya mto, hata kama anabeba kitambulisho cha Uganda, mwombe afanye vivyo hivyo upande wake, kwa sababu mto huo ni mmoja na mafuriko yake hayaulizi pasipoti.